Tutajuaje kama nyumba ya babu ina wenyewe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24. Nyumba ya marehemu babu yetu iko Pangani, ni ya mawe, imeezekwa mabati. Tangu babu afariki anakaa shangazi peke yake. Anasema tangu masika yaishe, usiku anasikia mtu anatembea juu ya dari, mtoto analia nyuma ya nyumba ambako hakuna mtoto, na mara mbili ameona mtu kasimama mlangoni mwa chumba chake. Akiamka kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka, ila akishinda nje hadi adhuhuri anakuwa mzima. Siku hizi halali mpaka afunge madirisha yote na afukize ubani. Baba wadogo wameanza kunong'ona kwamba huyo mgeni ni wake, kamleta mwenyewe. Mimi na wenzangu wanne tunataka kwenda kukesha Ijumaa. Tumenunua kipima sumaku cha taa tano kama wanachotumia Wazungu kwenye video, tuna kipima joto na simu za kurekodia. Usiku mmoja tulijaribu: kifaa kiliwaka hadi taa nyekundu, picha zikatoka na viduara vyeupe, na kwenye rekodi kuna sauti inasema "toka". Tutajuaje ipi ni ishara ya kweli na ipi siyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijagusa swali lako, kuna jambo la kufanya leo, usingoje Ijumaa. Mpigie simu shangazi yako, mwambie usiku huu asilale chumba kile, na chetezo lisiingie ndani. Kama anapikia jiko la mkaa ndani, jiko nalo litoke uani. Madirisha yafunguliwe pande mbili ili hewa ipite. Kesho mpelekeni hospitali, na mwelezeni daktari habari ya mkaa kabla hamjamweleza habari ya mauzauza.

Nakuambia hivi kwa sababu ya sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu: anaamka na kichwa na kichefuchefu, akishinda nje hadi adhuhuri anapona. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ubani utaunusa, gesi hii hutainusa. Ikiingia mwilini hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Mtu akitoka kwenye hewa safi, huchukua kama saa nne hadi sita nusu ya gesi ile kumtoka. Hesabu mwenyewe kutoka alfajiri hadi adhuhuri.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyozunguka. Masika yameisha, kusi inavuma, usiku una kibaridi, anafunga madirisha. Anafukiza. Anasikia vibaya, anahisi kuna mtu. Kwa kuwa anahisi kuna mtu, usiku wa pili anaongeza makaa na kuziba hata tundu la mlango ili moshi ukolee. Anahisi vibaya zaidi. Kila dawa anayotia ndiyo inayomleta mgeni. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini gesi hii huua watu usingizini, na mimi nimeshaenda kuzika watu wa nyumba moja ambao majirani walidhani wamepigwa na jini kumbe jiko lilikuwa uvunguni. Mkimkuta hajitambui, mtoeni nje kwanza, maswali baadaye, kisha mkimbizeni penye oksijeni.

Jambo hili limeandikwa zamani. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia moja iliyohamia jumba kuukuu mwaka 1912. Baada ya muda wakaanza kusikia nyayo, wakaona watu wasiokuwapo, watoto wakapauka, hata mimea ya ndani ikafa. Ilikuja kuonekana kwamba tanuri la kupashia nyumba joto limeharibika, na badala ya kutoa moshi kwenye dohani lilikuwa likiurudisha vyumbani. Lilipotengenezwa, wageni wakaondoka. Hiyo mimea iliyokufa ndiyo inayonikaa moyoni kila nikiikumbuka habari hii, maana mmea hausikii hadithi wala hauogopi giza.

Haya, sasa swali lako.

Mimi nilikuwa fundi mitambo wa redio miaka 26, na tangu nistaafu naitwa kwenye nyumba ambazo watu wanasema zina wenyewe. Nikuweke wazi nilipo: ni Mwislamu, naamini majini yapo. Lakini imani hiyo hainipi ruhusa ya kumsingizia jini kilichofanywa na bati. Ishara haipatikani usiku kwa kushtuka. Ishara ni kile kinachobaki baada ya kuiondoa nyumba yenyewe, na nyumba huwezi kuiondoa kama hujaijua, na huijui usiku. Kwa hiyo nendeni Alhamisi mchana. Shindeni humo. Kaeni kimya chumba kimoja kimoja nusu saa, mkiwa na daftari. Mlango upi hujifunga wenyewe? Ngazi ya ngapi hulia? Maji ya jirani yakifunguliwa, bomba la kwenu linagugumia? Andikeni yote. Kazi yote ya kutambua ishara imo humo.

Nianze na nyayo juu ya dari, kwa sababu hapo napajua kama nyumbani kwangu.

Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea. Kila mita moja hubadilika sehemu 12 katika milioni kwa digrii moja. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini chukua mteremko wa paa wa mita sita uliopigwa na jua hadi digrii 60 mchana, ukashuka hadi 25 usiku: bati limefupika kama milimita mbili na nusu. Lakini limepigwa misumari. Haliwezi kunywea taratibu, linavutana na msumari mpaka linashinda, linaruka mara moja, "ta!", kisha linatulia. Mabati hayapoi pamoja. Upande uliotangulia kupata kivuli hutangulia kulia, halafu la jirani yake, halafu linalofuata, mlio unatembea. Aliyelala chini anasikia ta, ta, ta, kutoka ukutani kwenda ukutani, kama mtu mzito anayevaa viatu vya ngozi. Niliwahi kulala katika nyumba moja ya Muheza, nikaweka vinasa sauti vitatu, kila pembe kimoja. Hatua nyingi zilikuja kati ya saa moja na saa nne usiku. Saa sita, kimya. Saa tisa ikanyesha mvua ndogo, matone ya kwanza tu, na yule mtu akaamka upya akatembea dari nzima. Mwenye nyumba alinishika mkono. Nikamwambia asikilize mvua kwanza, kisha hatua. Alipozisikia zikifuatana mara tatu, akaniachia.

Basi Ijumaa kila hatua iandikwe saa na dakika. Zikirundikana baada ya Magharibi na baada ya matone ya kwanza ya mvua, ni bati. Zikija saa nane au saa tisa usiku, mbingu kavu, hapo kuna kitu chenye miguu, na kitu chenye miguu huacha alama. Nyunyizeni unga mwembamba juu ya dari na kwenye ngazi, mkifika alfajiri msome. Mara nyingi mtasoma panya, paka, au komba. Na kama mtasikia kugonga kwa mfuatano wa haraka ndani ya boriti, tegeni sikio kwenye mti. Mchwa askari wakishtushwa hugonga vichwa vyao kwenye mbao, na boriti za mikoko za nyumba zetu za zamani wamezila miaka mingi. Hiyo nayo ni ishara, ya kumwita fundi kabla dari haijawaangukia.

Nimemtaja komba. Mtoto anayelia nyuma ya nyumba, mwanangu, nakaribia kukuambia jina lake. Komba wa pwani akilia usiku hulia kama kitoto kichanga kilichoachwa, kwa sauti inayopanda, kukatika, na kuanza tena. Hata mimi niliyekulia minazini, nywele hunisimama. Uliza kama nyuma ya nyumba kuna mnazi unaogemwa. Sisi tunasema mtu kalewa kama komba, na msemo ule haukutoka hewani: komba hupanda usiku kwenye kibuyu cha mgema akanywa tembo. Mtafuteni kwa tochi. Msikimbilie sauti, elekezeni mwanga kwenye makuti, mtaona macho mawili yanawaka mekundu, yanaruka bila kelele kutoka mti hadi mti. Kama sauti ni ya ukali zaidi, kama kitambaa kinachanwa, huyo ni bundi mweupe wa mapagala. Mwenzenu mmoja arekodi mlio huo kwa dakika kumi mfululizo, si sekunde kumi. Kitoto hutulizwa au huchoka. Komba huhama, na kuhama huko mtakusikia kwenye rekodi.

Kile kifaa cha taa tano kinafanya kazi yake vizuri, tatizo ni kwamba kazi yake siyo hiyo mliyokipa. Kilibuniwa kupima nguvu ya sumaku inayotoka kwenye nyaya na mitambo ya umeme. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na kila waya unaopitisha umeme huo una sumaku yake. Simu nayo hukiwasha. Weka simu yako kando yake, mwenzako akupigie, utaona taa zinapanda hadi nyekundu kabla simu haijalia. Nyie mlikuwa watano, simu tano mifukoni, nyingine ndiyo hiyo mnarekodia. Ijumaa zimeni simu zote kabisa, siyo kuziweka kimya, rekodini kwa kinasa sauti chenye betri kilichowekwa mezani mbali na kifaa. Kisha zimeni swichi kuu ya nyumba na mtembee na kifaa ukuta kwa ukuta, mkichora ramani. Washeni swichi, tembeeni tena. Taa zikipanda penye ukuta fulani baada ya kuwasha tu, mmepata waya, na kama zinapanda sana katika nyumba yenye waya za enzi za babu, msiguse chuma chochote hapo mpaka fundi umeme aone. Nimekuta nyumba ambayo kifaa hiki kilimwokoa mtu: kilionyesha umeme unavuja kwenye ukuta wenye unyevu, mahali ambapo wenye nyumba walikuwa wakisema wanaguswa.

Kipima joto. Kama ni kile cha kuelekezea kama bastola, hakipimi hewa, kinapima uso wa kitu ulichokielekezea. Ukikipitisha kutoka mbao hadi ukuta wa matumbawe wenye unyevu kitashuka digrii kadhaa, na hakuna aliyepita. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji, na maji yanayokauka kwenye uso wake hubeba joto. Halafu kuna umande, ule upepo wa bara unaoshuka mtoni alfajiri. Utapita kwenye nyufa ambazo mchana hukuziona. Ukisikia ubaridi shingoni, washa udi mmoja nje ya chumba, uulete, utazame moshi unakoelekea. Moshi hautakudanganya.

Viduara vyeupe kwenye picha sitavikalia sana. Mwanga wa simu uko karibu kabisa na jicho la kamera, kwa hiyo chembe ya vumbi iliyo karibu na kioo hurudisha mwanga moja kwa moja, na kwa kuwa iko karibu mno haionekani sawasawa, hutoka duara. Kung'uteni mkeka kwenye chumba hicho, pigeni picha ya mwanga, kisha pigeni nyingine bila mwanga huku mkimulika kwa tochi kutoka pembeni. Mtavileta na kuviondoa mpaka mchoke.

Sauti ya "toka" nataka tuizungumze kwa utaratibu, maana ni mambo yangu ya kila siku.

Watu walianza kusaka sauti za marehemu kwenye vinasa zamani. Friedrich Jürgenson wa Sweden alikuwa akirekodi ndege mwaka 1959 akadai kusikia sauti za watu ndani ya mkanda, na Konstantin Raudive akaendeleza kwa maelfu ya rekodi. Mimi nimekaa na mikanda na vipaza sauti kuliko nilivyokaa na wanangu, na nakuambia kitu kimoja ambacho video hazikuambii: kinasa cha simu hujiongeza chenyewe. Chumba kikiwa kimya, simu inapandisha sauti mpaka inasikia kitu, na ikikosa kitu inakuza mvumo wake yenyewe. Ndani ya mvumo huo sikio la binadamu, ambalo limezaliwa kutafuta maneno, hutafuta maneno. Na lugha yetu inalisaidia mno. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu: to-ka, njo-o, ba-ba, la-la. Kiti kikisuguliwa mara mbili, upepo ukikatika mara mbili, tayari una neno la Kiswahili.

Kuna jaribio nalipenda kwa uaminifu wake. Msimwambie mtu yeyote kwamba rekodi inasema "toka". Mchukueni mtu asiyehusika, mwekeeni kipande hicho peke yake, mpeni kalamu aandike alichosikia, au aandike kwamba hakusikia neno. Kisha wa pili, kisha wa tatu, wasionane. Wakiandika wote "toka", niitieni, nitasafiri kuja kusikiliza. Wakiandika "soka", "doa" na "hakuna kitu", mmejibiwa. Ninyi watano hamwezi kuwa mashahidi tena kwa sababu aliyesikia wa kwanza aliwaambia wengine. Na Ijumaa wakati wa kurekodi, kila anayefanya kelele aitaje papo hapo kwa sauti ya kawaida: "nimekohoa", "tumbo langu", "kiti cha Saidi". Mtaona aibu nusu saa ya kwanza. Alfajiri mtashukuru, kwa sababu tumbo la mtu likirekodiwa saa nane usiku hunena kuliko mganga.

Yule mtu aliyesimama mlangoni ni jambo la heshima zaidi, na sitaki mlichukulie kama wazo la mama mzee. Kuna gesi niliyokwisha kuitaja. Kuna pia jinamizi: akili imeamka, mwili bado umefungwa usingizini, kifua kizito, huwezi kuita, na mlangoni au pembeni mwa kitanda kuna mtu. Aliyepatwa na jinamizi hasemi uongo. Amemwona. Huja zaidi mtu akilala chali, akiwa amechoka au analala vipandevipande, na shangazi yako halali. Mwulizeni kwa adabu: alipomwona, aliweza kugeuza shingo? Aliweza kusema?

Na kuna mtu wa pembeni mwa jicho. Mhandisi wa Uingereza, Vic Tandy, alikuwa akifanya kazi usiku kwenye maabara moja akatokwa na jasho baridi, akaona kivuli cha kijivu kando yake, akageuka, hakuna. Siku ya pili alikuwa na upanga mwembamba wa michezo ameubana kwenye jiliwa, ukaanza kutetemeka peke yake. Badala ya kukimbia akausogeza chumbani hatua kwa hatua kuona unatetemeka zaidi wapi. Akafuata mtetemo mpaka kwenye feni mpya ya kutolea hewa, iliyokuwa ikitikisa hewa ya chumba kama mara 19 kwa sekunde, chini ya kile sikio linachosikia. Feni iliporekebishwa, kivuli kikaisha. Aliyaandika mwaka 1998. Ninachompendea Tandy ni kule kusogeza upanga.

Lakini usiondoke ukidhani kila kitu ni mitetemo au sumaku. Mwaka 2009 watafiti wa London walichapisha jaribio la watu 79 walioingia mmoja mmoja kwenye chumba kilichotengenezwa mahsusi, chenye mitetemo ya aina hiyo na sumaku zikiwashwa na kuzimwa. Wengi walihisi mambo: kizunguzungu, kuwapo kwa mtu, hofu. Walihisi vilevile mitambo ikiwa imezimwa. Kilichoonekana kuwagusa zaidi ni kule kuambiwa kwamba huenda wakahisi kitu. Na mwaka 1997 Rense Lange na James Houran waliwapitisha watu 22 kwenye jumba la maonyesho lililoachwa, nusu wakiambiwa lina mauzauza, nusu wakiambiwa linafanyiwa ukarabati. Jumba lilelile. Walioambiwa lina mauzauza ndio walioyapata mengi zaidi.

Kwa hiyo kati yenu watano mmekwisha kuambizana kila kitu. Ongezeni wa sita ambaye hajui chochote, hata kwamba shangazi amemwona mtu mlangoni. Mpeni ramani tupu ya nyumba, atembee peke yake mchana na tena usiku, mmoja wenu akiwa nyuma yake bila kusema neno, aweke alama mahali anapohisi vibaya. Akiweka alama kwenye mlango uleule, hilo ni jambo. Bado si jini, lakini ni jambo la kwenda kutazama: pana nini hapo, mwanga, upepo, unyevu, harufu, mlio? Richard Wiseman, mwanasaikolojia wa Uingereza, na wenzake walifanya kazi ya namna hii katika kasri la Hampton Court na katika mahandaki ya South Bridge mjini Edinburgh, wakachapisha mwaka 2003. Sehemu zenye sifa mbaya kweli ziliwapa watu hisia nyingi kuliko zingine, hata kwa wasiojua sifa zake, na hisia ziliambatana na vitu kama ukubwa wa chumba na mwanga uliopo. Nyumba ina namna yake ya kumwambia mtu aogope.

Uliuliza ipi ni ishara ya kweli. Nikupe jibu langu bila kuzunguka. Mimi huandika "ishara" kwenye daftari pale tu tukio limeonekana au kusikika na watu wawili ambao hawajazungumza, limenaswa na vyombo viwili visivyotegemeana, saa imeandikwa wakati uleule, na nyumba niliijua tangu mchana. Halafu litokee tena. Harry Price, mchunguzi wa mauzauza, alipolikodi jumba la mchungaji la Borley, Uingereza, mwaka 1937, alikusanya wasimamizi 48 wa kujitolea, akawapa kijitabu cha maelekezo, na vitu vilizungushiwa chaki ili vikisogea ijulikane. Price alikuwa na makosa yake, na mwaka 1956 wachunguzi watatu wa chama cha London cha utafiti wa mambo ya ghaibu, kilichoanzishwa 1882, walimkosoa vikali. Lakini duara la chaki nimelichukua kwake na sitaliacha. Chagueni vitu vitano, zungushieni chaki, pigeni picha, nyunyizeni unga kuvizunguka, fungeni chumba, bandikeni karatasi yenye sahihi zenu mlangoni. Karatasi ikiwa nzima, unga haujaguswa, na kikombe kiko nje ya duara lake, hapo mtakuwa na kitu ambacho mimi na wewe tutakaa chini kukizungumza.

Mambo madogo ya kukesha mnayajua: ombeni ruhusa, pigeni hodi mkiingia kama wazee wetu walivyofundisha, asitembee mtu peke yake, roshani na ngazi za zamani zipimwe mchana, na anayetaka kisomo kifanyike kabla afanye, hakiharibu kipimo chochote.

Limebaki lile la baba zako wadogo, ambalo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu huu. Kunong'ona kwamba "mgeni ni wake" si maneno ya kuachwa yakae. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, zimwi linalodaiwa kuwavamia watu usiku, ilipotoka Pemba ikaingia Unguja, watu walilala nje makundi makundi kando ya moto, na katika hofu ile mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye. Huko Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jiko miaka na miaka ya kuwapikia haohao waliowaua. Shangazi yako ni mwanamke, yuko peke yake, analinda nyumba ambayo wengine nao wana haki nayo. Ishara yoyote mtakayotangaza Ijumaa itatua juu ya kichwa chake. Kwa hiyo hakuna video itakayorushwa kutoka nyumba ile, wala neno lolote la Ijumaa kutoka nje mpaka rekodi zimesikilizwa na wasiohusika.

Waite baba zako wadogo waje nao wakeshe. Washike tochi ya komba, wahesabu hatua za bati, wasaini karatasi ya mlangoni kwa mikono yao.

Na daftari msilianze Ijumaa, lianzeni kesho asubuhi. Ukurasa wa kwanza andika tarehe, andika kwamba jiko na chetezo vimelala nje na madirisha yamelala wazi, kisha mpigie shangazi umwulize ameamkaje kichwa. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili, hata siku ambayo hana la kusema.